Kozi ipo, ila anayeitafuta haioni

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Tupo vijana wanne hapa Sinza, tuna tovuti inayokusanya kozi za mtandaoni kutoka kwa watoaji watano: vyuo viwili, taasisi moja ya ufundi, shirika moja la kilimo na jukwaa moja la nje. Kila mmoja anatuletea orodha yake ya masomo na misimbo yake. Tukijumlisha, vichwa vya masomo vinafika kama 400. Shida yetu ni utafutaji. Mtu akiandika 'kufuga kuku' hapati kitu, na mimi najua kozi tatu za kuku zimo humo. Akiandika 'upambaji' anapata kozi za kupamba maharusi, za kupamba kumbi na za graphics, zote zimechanganyika. Mwenzetu mmoja anasema tufute misimbo ya watoaji tuweke orodha yetu moja. Mwingine anasema tuachane na orodha kabisa, akili mnemba itajua yenyewe. Mimi nimesoma mahali kwamba mifumo ya uainishaji inaweza kuunganishwa. Ni kweli? Tuanzie wapi, na je, tunaweza wenyewe bila kumwajiri mtu?"

Marahaba. Ni kweli, inawezekana, na kwa vichwa 400 mnaweza kuifanya wenyewe. Mkubali tu mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haiko kwenye programu. Iko mezani: kukaa na orodha na kuamua, kichwa kimoja baada ya kingine, hiki cha kwao kinahusianaje na hiki cha kwetu. Miradi ya namna hii hukwama pale watu wanapounganisha kila kitu na kila kitu bila kusema ni uhusiano wa aina gani.

Kabla ya hayo niseme kilichonigusa katika swali lako. Mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto aliyenunua bando la saa moja, akaandika "kufuga kuku" na kukuta ukurasa mtupu, hawazi kwamba utafutaji wenu una kasoro. Anaamini kozi haipo. Ukurasa mtupu kwake ni jibu, tena ni jibu lisilo la kweli, maana kozi tatu mnazo. Ndiyo maana sioni hili kama suala la kupendezesha tovuti.

Sasa tuzifuate hizo kozi tatu tuone zinapotelea wapi. Tuchukulie ya kwanza imetoka kwenye chuo kinachotumia uainishaji wa Dewey, ule ule wa maktaba. Itakuwa kwenye 636.5, namba ya kuku na ndege wengine wa kufugwa. Ya pili imetoka kwenye jukwaa la nje linalofuata ISCED-F, uainishaji wa fani za elimu wa UNESCO. Itakuwa kwenye 0811, uzalishaji wa mazao na mifugo, fungu moja na kilimo cha mahindi. Ya tatu ni ya shirika la kilimo, ambalo lina orodha yake lenyewe, na kuku wamewekwa chini ya "mifugo midogo". Hakuna hata mmoja aliyeandika "kufuga kuku" kwenye kichwa cha somo. Ukija kwenye majina ya kozi, mmoja ameandika "ufugaji bora wa kuku wa kienyeji", mwingine "usimamizi wa banda la kuku wa mayai", na wa tatu kaandika kwa Kiingereza. Kisanduku chenu, kwa jinsi unavyokieleza, kinatafuta maneno yote mawili kama yalivyoandikwa. "Kuku" anampata kwa wawili, "kufuga" hailingani na "ufugaji", basi kinarudi mikono mitupu.

Hapo kuna matatizo mawili yaliyobebana, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni la maneno. Programu nyingi za utafutaji zina ufundi wa kukata miisho ya maneno, kwa sababu zilitengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili kinabadilika mbele na nyuma: kushona, ushonaji, mshonaji, washonaji, zilizoshonwa. Kukata mwisho peke yake hakusaidii. La pili ni la mipaka. Hata maneno yangelingana, watoaji wenu wamekata elimu vipande visivyofanana. Hili la pili ndilo ambalo kuunganisha mifumo kunalitibu, na la kwanza litapata nafuu humo humo kama nitakavyoeleza.

Mwenzenu anayetaka kufuta misimbo ya watoaji anadhani, nahisi, kwamba mmoja kati ya hao watano yuko sahihi na wengine wamekosea, au wote wamekosea na nyinyi mtapatia. Sivyo. Kila mfumo ulitengenezwa kwa kazi yake. Melvil Dewey alitoa wa kwake mwaka 1876 kwa ajili ya rafu, na rafu ina sharti gumu: kitabu kimoja kinakaa mahali pamoja. ISCED-F, toleo la 2013, ilitengenezwa ili takwimu za elimu za nchi mbalimbali zilinganishwe. Ndiyo maana ni pana, ina mafungu ya mwisho yapatayo 80 tu. Wamarekani wana CIP kwa takwimu za vyuo vyao. Waingereza walikuwa na JACS, orodha ya misimbo ya masomo ya vyuo vikuu, wakaiacha na kuhamia nyingine, HECoS, kuanzia mwaka wa masomo wa 2019/20. Orodha ya shirika la kilimo, bila shaka, imefuata namna maafisa ugani wao wanavyogawana kazi. Kila mfumo unajibu swali la mwenyewe. Ukifuta msimbo wa mtoaji unafuta jibu ambalo mtu anayeijua kozi kuliko wewe alishalitoa. Tena wiki ijayo atakuletea orodha mpya yenye misimbo ile ile, na utaanza kufuta upya.

Angalia tu neno "ufugaji" lenyewe. Kwetu sisi kuku, nyuki na samaki wote wanafugwa, na mtu mwenye mtaji mdogo anayetafuta mradi wa kufuga anaweza kutaka kuona vyote vitatu pamoja. Dewey anaweka kuku 636.5, nyuki 638.1 na samaki 639.3. Ni sehemu tatu, ila bado zote zimo ndani ya 630, kilimo. ISCED-F inapeleka ufugaji wa samaki kwenye 0831 pamoja na uvuvi, mbali na 0811 ya kuku. Hakuna aliyekosea hapo. Lakini usipoweka daraja kati yao, mtafutaji wako ataona kipande kimoja tu cha kile alichokiita ufugaji.

Njia za kuweka daraja ziko mbili. Mnaweza kuunganisha kila orodha na kila orodha nyingine moja kwa moja. Kwa watoaji watano hiyo ni jozi 10. Akija wa sita mnaongeza jozi tano, wa saba jozi sita. Au mnachagua orodha moja iwe kitovu, na kila mtoaji anaunganishwa na hicho kitovu tu. Watoaji watano ni viungo vya orodha tano. Akija wa sita unaongeza kimoja. Ni kama daladala: huhitaji gari la moja kwa moja kutoka kila kituo cha Dar kwenda kila kituo kingine, mradi zote zinapita Kariakoo. Kwa ukubwa wenu sioni sababu ya kuchagua njia ya jozi. Kitovu kina gharama yake, na lazima niiseme: tofauti ndogo kati ya watoaji wawili inaweza kupotea ikiwa kitovu ni kipana kuliko wote wawili. Kwa hiyo ubora wa kitovu ndio ubora wa kila kitu.

Kitovu gani basi? Dewey ina kina cha kutosha, ila ni mali ya OCLC, shirika la huduma za maktaba la Marekani, na kutumia majedwali yake yote ndani ya huduma yenu ni suala la leseni. ISCED-F inapakuliwa bure na ina faida kwamba majukwaa na vyuo vingi tayari vinaifahamu. Kasoro yake ni huo upana: 0811 haitamsaidia mtu wa kuku. Ushauri wangu ni mchanganyiko. Chukueni misimbo ya ISCED-F kama mifupa, kisha chini yake ongezeni dhana zenu ndogo pale ambapo watu wenu wanatafuta sana. Chini ya 0811 wekeni ufugaji wa kuku, ng'ombe wa maziwa, mbuzi, kilimo cha mahindi. Chini ya 0723, nguo na viatu, wekeni ushonaji wa cherehani. Kule ambako hakuna anayetafuta, acheni fungu kama lilivyo. Kwa upande wa kilimo ipo pia AGROVOC, msamiati wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wenye istilahi katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Unasaidia kupata majina ambayo hamkuyafikiria.

Ninapokuja sasa ndipo penye kazi yenyewe, na naomba tukae hapa kidogo.

Kusema "hiki kinaungana na kile" hakutoshi. Lazima useme kinaungana vipi. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2009 lilipitisha kiwango kiitwacho SKOS, na humo kuna aina tano za uhusiano kati ya dhana za mifumo tofauti. Kwa Kiswahili cha kazini naziita hivi: sawa kabisa, karibu sawa, pana zaidi, finyu zaidi, na vinahusiana. Usiziogope, ni akili ya kawaida iliyoandikwa. Tuseme kwenye kitovu mna dhana "ufugaji wa kuku". Kichwa "kuku wa mayai" cha mtoaji mmoja ni finyu zaidi. "Mifugo midogo" ya lile shirika ni pana zaidi, maana ndani yake wamo sungura na mbuzi. 0811 ni pana zaidi, tena sana. "Magonjwa na chanjo za kuku" vinahusiana, lakini hiyo ni kozi ya mambo ya tiba ya mifugo, si ya kufuga. Na 636.5 ya Dewey? Ina bata na bata mzinga ndani yake, kwa hiyo ukiwa mkali utasema ni pana. Mimi ningeiandika karibu sawa, kwa sababu anayetafuta kuku akikutana na kozi moja ya bata hajapotezwa njia. Uamuzi wa namna hiyo mtaufanya mara nyingi, na kipimo chake ni kimoja: mtafutaji atakutana na nini?

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kila aina ya uhusiano inaiambia programu ifanye kitu tofauti. Mtu akitafuta ufugaji wa kuku, kozi zilizo chini ya kichwa sawa au kilicho finyu unaweza kuzileta zote bila hofu. Chochote kilichomo ndani ya "kuku wa mayai" ni kuku. Zilizo karibu sawa unazileta, ila chini kidogo. Zilizo chini ya kichwa kipana huwezi kuzileta zote, utamwaga mahindi na mbuzi juu ya mtu wa kuku. Hizo unazichuja kwa maneno: leta tu zile ambazo jina au maelezo ya kozi yanataja kuku. Na zile zinazohusiana unaziweka pembeni, chini ya maneno kama "unaweza pia kuangalia". Ukiandika viungo vyote kwa aina moja, programu haina namna ya kujua lini imwage na lini ichuje. Utafutaji unakuwa ama mtupu ama takataka, na nyinyi mnayo yote mawili kwa wakati mmoja.

Graphics zilizoingia kwenye upambaji ni ugonjwa mwingine. Nakisia hivi: kuna mahali programu yenu, au mtu wenu, aliona upambaji unakaribiana na mitindo, mitindo inakaribiana na ubunifu, na ubunifu unakaribiana na graphics. Kila hatua ukiitazama peke yake ina mantiki. Ukizifuatanisha, anayetaka kupamba ukumbi wa harusi anapelekwa kwenye kozi ya kutengeneza mabango kwa kompyuta. Waliotunga SKOS waliliona hili. Uhusiano wa "sawa kabisa" unaruhusiwa kupita kutoka kimoja hadi cha pili hadi cha tatu. Wa "karibu sawa" haukuruhusiwa kupita, kwa makusudi. Wekeni sheria hiyo hiyo: programu iende hatua moja tu kutoka kwenye kitovu, isirukie ya pili kwa kupitia ukaribu.

Halafu upambaji wenyewe ugawanyike. Ni dhana mbili: urembo wa maharusi, ambao ISCED-F ingeuweka 1012 pamoja na nywele na saluni, na upambaji wa kumbi, ambao unaegemea 0212, penye mitindo na mapambo ya ndani. Graphics ziko 0211, kwenye utayarishaji wa habari na picha. Mtu akiandika "upambaji" msimkisie. Mwonyesheni makundi mawili yenye majina, achague mwenyewe. Kubonyeza mara moja zaidi si usumbufu kama anaona wazi kwamba mmeelewa alichotaka.

Nilisema tatizo la maneno litapata nafuu humo humo. Kila dhana kwenye kitovu ipewe jina kuu moja, ambalo mtu ataliona kwenye skrini, kisha majina mengine yote ambayo watu wanayatumia, na kundi la tatu la yale yasiyoonyeshwa ila yanatafutika, hasa makosa ya tahajia. Jina kuu: ushonaji. Majina mengine: kushona, kushona nguo, ufundi cherehani, fundi nguo. Yasiyoonyeshwa: cherahani, charahani, na yote mtakayoyakuta. Hapo "kufuga" na "ufugaji" vinakutana bila kusubiri mtu atengeneze programu ya kuchambua viambishi vya Kiswahili. Msiyatunge majina haya ofisini. Yachukueni kwenye kumbukumbu zenu za utafutaji, mkianza na yale yaliyoambulia patupu. Mtaa unasema "ufundi bomba" na "umeme wa majumbani". Mwenye kozi ameandika jina la kwenye mtaala. Yote mawili yaingie. Tahadhari moja tu: kumbukumbu hizo zikiwa na namba ya simu au akaunti ya mtu, ziondoeni kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata nyinyi vijana wanne, na kwa kazi hii mnahitaji maneno tu, hamuhitaji kujua ni nani aliyeyaandika.

Nije kwa mwenzenu wa akili mnemba. Ana hoja, na msimpuuze. Programu zinazopima ukaribu wa maana ya maneno zinafanya vizuri kazi ya kupendekeza: zipeni vichwa 400, ziwaletee kwa kila kimoja dhana tatu za kitovu zinazoelekea kufaa. Itawaokoa muda mwingi wa kupekua. Lakini kipimo cha ukaribu hakina upande. Umbali kati ya "kuku" na "mifugo" ni ule ule uanzie wapi, ilhali kwa utafutaji tofauti ya pana na finyu ndiyo kila kitu, kama tulivyoona. Pia vichwa vyenu ni vifupi. "Usimamizi" peke yake ni usimamizi wa nini? "Ubunifu" wa nguo au wa biashara? Mtu atafungua kozi mbili tatu zilizo chini ya kichwa hicho aone. Programu iliyopewa neno moja itabahatisha kwa kujiamini. Kwa Kiswahili hatari inazidi, kwa sababu programu hizi zimelishwa maandishi machache sana ya lugha yetu ukilinganisha na Kiingereza. Kwa hiyo mashine ipendekeze, mtu aamue, na jina la aliyeamua liandikwe.

Ukiulizia vifaa, jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kuanzia. Kila mstari ni kiungo kimoja: msimbo wa mtoaji, jina lake kama alivyoliandika, toleo la orodha yake, dhana ya kitovu, aina ya uhusiano, aliyeamua, tarehe, na nafasi ya maelezo. Hiyo nafasi ya maelezo msiiache wazi. Mfano: "636.5, kuku na ndege wengine, ufugaji wa kuku, karibu sawa. Wamo bata, tumeona hawasumbui." Baada ya mwaka, mtu mwingine akiuliza kwa nini, jibu liko pale. Na toleo ni muhimu kwa sababu orodha hubadilika; waliokuwa wameunganisha na JACS bila kuandika toleo walikuwa na kazi ya ziada ilipokuja HECoS.

Msianze na vichwa vyote 400. Chukueni maneno 50 yanayotafutwa zaidi, pamoja na yale yanayorudi mikono mitupu. Kwa kila neno, kabla hamjagusa chochote, andikeni: katika matokeo kumi ya kwanza, mangapi yanafaa? Na kuna kozi mnazozijua zimekosekana? Kisha tengenezeni dhana za kitovu zinazohusu maneno hayo na kuunganisha vichwa vinavyoziangukia. Vichwa 50 vya kwanza vifanywe na watu wawili kila mmoja peke yake, bila kuchungulia, halafu mlinganishe. Pale mlipotofautiana msipige kura, tafuteni sababu, kwa kawaida mtakuta sheria ambayo hamjaiandika. Mkimaliza, rudieni kipimo kile kile kwa maneno yale yale. Mkikuta matokeo ya neno fulani yamekuwa mengi lakini yanayofaa yamepungua, mmetumia uhusiano mpana pasipo kuchuja.

Jambo moja naliona likiharibu orodha nyingi: kuchanganya somo na ngazi. "Cheti cha uhasibu", "stashahada ya uhasibu" na "kozi fupi ya uhasibu" si masomo matatu. Somo ni uhasibu. UNESCO wenyewe wametenganisha: ngazi za elimu zina hati yake, fani zina nyingine. Ngazi, ada, lugha ya kufundishia, na kama kozi ni ya mtandaoni tupu au ina mahudhurio, kila kimoja kiwe kichujio chake pembeni. "Kozi za bure" watu wanaitafuta sana, nayo si somo.

Sasa, lini mtoke mkaonane na mtu ana kwa ana? Kwanza kwenye fani msizozijua. Msiunganishe vichwa vya afya kwa kusoma majina tu. Uuguzi na ukunga ni 0913, famasia ni 0916, na pembeni yake kuna kozi fupi za huduma ya kwanza au za kumhudumia mgonjwa nyumbani. Mkiziandika kuwa sawa, kuna binti atalipa ada akiamini anaelekea kusajiliwa kuwa muuguzi, na sivyo. Kwa fani hizo kaeni na mwalimu wa fani yenyewe. Habari za kama chuo au kozi inatambuliwa ziulizeni NACTVET kwa vyuo vya kati na ufundi, na TCU kwa vyuo vikuu, wala msizibebeshe kwenye msimbo wa somo. Pili, mkitaka kutumia majedwali ya mfumo wenye hakimiliki, muoneni mwanasheria kabla hamjapakia kitu. Tatu, kabla hamjafunga muundo wa kitovu, mtafuteni mkutubi aliyezoea uainishaji mkae naye nusu siku. Wapo Maktaba Kuu ya Taifa hapa mjini, wapo vyuo vikuu, na chuo cha ukutubi kiko Bagamoyo. Mkutubi ataona kwa haraka mahali ambapo dhana yenu moja ni mbili, au mbili ni moja.

Kumwajiri mtu, kwa sasa, hapana. Ila mmoja wenu awe mwenye jedwali, kwa jina, na mtoaji akileta orodha mpya iwe ni kazi yake kuangalia kipi kimeongezwa na kipi kimefutwa kabla haijaingia kwenye tovuti. Mkiligawana bila mwenyewe, baada ya miezi michache kila mtu atakuwa anaunganisha kwa sheria zake.

Anzeni na kilimo na ufundi, maana ndiko maneno ya mtaani na ya mtaala yanakotofautiana zaidi. Mkishapata dhana 30 au 40 za kwanza pamoja na orodha ya maneno yanayoambulia patupu, nileteeni. Tutaangalia vichwa vyenu halisi, kimoja kimoja, badala ya mifano yangu ya kukisia.